Kiwi kwa mbegu Singida: kitakachoota na kitakachozaa

Mbegu za kiwi zinaota. Hilo halina ubishi, na ndilo linalovuruga mjadala mzima. Tunda moja lililonunuliwa duka kubwa la Dodoma au Arusha lina mamia ya mbegu nyeusi, ndogo kuliko punje za ufuta. Ukizisafisha utelezi, ukazifungia kwenye kitambaa chenye unyevu na kuziweka kwenye friji wiki nne hadi sita, kisha ukazisia juu juu kwenye udongo laini wenye kivuli, nyingi zitachomoza baada ya wiki mbili hadi nne. Video fupi zinazosambaa kwenye simu huonyesha hatua hizi moja baada ya nyingine, na karibu zote huishia pale mche unapopata majani manne. Kinachofuata hakionyeshwi, kwa kuwa huchukua miaka.

Kwa mkulima wa Singida anayetafuta zao jipya la kuongezea kwenye alizeti, vitunguu na dengu, picha hizo zina mvuto. Tunda ni ghali, mbegu ni za bure, na mmea ni mtambazi kama mzabibu, ambao Dodoma kwa majirani umekwisha kuzoeleka. Ushauri anaokutana nao, hata hivyo, unapingana. Mmoja anamwambia apande mbegu, mti utazoea mazingira wenyewe. Mwingine anamwambia mbegu ni kupoteza muda, aagize miche iliyobebeshwa. Wa tatu anamwambia aachane na kiwi kabisa. Kila mmoja ana ukweli wake, lakini hawajibu swali moja. Wa kwanza anajibu kama mbegu itaota, wa pili anajibu shamba litafananaje, na wa tatu anajibu kama mti utatoa maua.

Mfuko wa mbegu wa mwaka 1904

Asili ya kiwi ni China. Mwaka 1904 Isabel Fraser, mkuu wa shule ya wasichana huko Wanganui, New Zealand, alirudi nyumbani kutoka Yichang, mji ulio kando ya Mto Yangtze, alikokwenda kumtembelea dada yake mmisionari. Alirudi na mbegu. Zilifika mikononi mwa mkulima aitwaye Alexander Allison, na mimea yake ikazaa kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Katika miaka ya 1920 mwenye kitalu mmoja wa Auckland, Hayward Wright, alikuza miche ya mbegu, akailinganisha, na kuchagua mmoja uliokuwa na matunda makubwa yenye kukaa muda mrefu baada ya kuchumwa. Aina hiyo ikapewa jina lake. Sehemu kubwa ya kiwi ya kijani inayouzwa duniani leo ni Hayward, yaani ni vikonyo vilivyotokana na mche ule mmoja, vikahamishwa kutoka shina hadi shina kwa miaka mia moja.

Wanaotetea mbegu huipenda hadithi hii, maana sehemu kubwa ya biashara ya dunia ilitoka kwenye mfuko mmoja wa mbegu. Ni kweli. Ila ukiisoma vizuri inawageuka. Kutoka mbegu hadi aina yenye kuuzika ilipita miaka ishirini hivi, na kazi ya Wright haikuwa kupanda tu. Alikuwa akichagua na kukataa. Alipopata alichokitaka, wakulima waliacha mbegu na kushika vikonyo. Mbegu ilitumika kutafuta aina, na ilipopatikana, shamba lilianzishwa kwa njia nyingine.

Nguvu ya mbegu na mahali inapokatika

Hoja ya kwanza ya upande wa mbegu ni gharama, na haihitaji maelezo marefu. Ya pili ni afya ya mmea, nayo ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwezi Novemba 2010 ugonjwa wa bakteria uitwao Psa uligunduliwa Te Puke, kitovu cha kiwi cha New Zealand. Katika miaka michache uliangamiza mashamba ya aina ya dhahabu iliyokuwa ikilipa kuliko zote, wakulima wakalazimika kuikata na kubebesha aina nyingine yenye kuuvumilia. Ugonjwa kama huo husafiri kwa urahisi na miche na vikonyo. Mbegu iliyosafishwa haibebi mzigo mkubwa wa namna hiyo, wala haibebi minyoo ya mizizi inayojificha kwenye udongo wa kiriba. Kwa nchi isiyo na zao hilo, kuanza na mbegu ni tahadhari yenye mantiki.

Hoja ya tatu ni utofauti. Kila mbegu ni kiumbe kipya, na kati ya miche elfu moja huenda ukapatikana mmoja wenye kustahimili hali ambayo wenzake hawaiwezi. Anayesema mti utazoea mazingira anaichukua hoja hii na kuikosea. Mche mmoja hauzoei kiasi hicho. Umezaliwa na mahitaji yake. Kinachoweza kubadilika ni kundi, kizazi baada ya kizazi, ikiwa kuna mtu wa kuchagua wazuri na kung'oa wabaya. Hiyo ni kazi ya kituo cha utafiti. Mwenye ekari mbili na ada za shule za kulipa Januari hawezi kuibeba.

Kisha kuna jinsia. Kiwi ina mimea dume na mimea jike, na ni jike pekee linalozaa. Mbegu hutoa takriban nusu kwa nusu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha mpaka maua yatokee, jambo ambalo kwa mche wa mbegu huchukua miaka minne hadi saba hata katika nchi zinazoifaa kiwi. Vipimo vya vinasaba vinaweza kutambua mapema, lakini hivyo ni vya maabara. Tuchukue miche 100. Hamsini hivi itakuwa jike. Dume moja linatosha majike sita hadi manane, kwa hiyo unahitaji madume saba, mwisho manane. Zaidi ya miche 40 uliyoimwagilia, kuipalilia na kuisimikia nguzo na waya kwa miaka mitano haitakupa tunda hata moja. Na hayo majike hamsini hayatazaa tunda la mama yao. Moja litakuwa na matunda makubwa, jingine madogo kama zabibu, jingine machachu yasiyoliwa.

Hili mkulima wa Singida hahitaji kufundishwa na mtu wa mbali. Aliyewahi kununua mbegu chotara ya alizeti, akahifadhi mavuno yake na kuyapanda msimu uliofuata, ameona vichwa visivyolingana na mafuta yaliyopungua. Tofauti ni kwamba alizeti humwonyesha hasara ndani ya miezi minne. Kiwi itamwonyesha wakati mtoto aliyezaliwa siku ya kusia mbegu yuko tayari darasa la kwanza.

Miche iliyobebeshwa, na kwa nini ugomvi huu si ugomvi

Upande wa pili una majibu ya moja kwa moja kwa kasoro hizi. Mche uliobebeshwa unajulikana jinsia, unajulikana tunda, na huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Shamba linaweza kupangwa: safu hii majike, hapa dume.

Lakini miche hiyo inabidi itoke nje, na kuingiza mimea hai nchini kunahitaji kibali na ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mlolongo huo unachosha, ila habari ya Te Puke inatosha kueleza kwa nini upo. Aina mpya, hasa za dhahabu na nyekundu, zinamilikiwa, na Tanzania imo tangu 2015 katika mkataba wa kimataifa wa UPOV unaolinda haki za wagunduzi wa aina za mimea. Kusia mbegu ya tunda la dukani hakukufanyi uwe umeiba aina ya mtu, kwa kuwa mche unaoota si aina ile. Kuuita kwa jina la aina ile ili uuze ni jambo jingine. Ndiyo hatari iliyo karibu zaidi: mche wa mbegu na mche uliobebeshwa inapokuwa kwenye kiriba inafanana kwa mnunuzi mgeni, dume na jike vinafanana kwa kila mtu, na muuzaji akihama, ushahidi utakuja na maua baada ya miaka mitano. Biashara ya mbegu na miche iko chini ya uangalizi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya uthibiti wa ubora wa mbegu. Asiyeweza kuonyesha usajili wake huko hana sababu ya kuaminiwa na fedha za mtu.

Mgawanyiko wa mbegu upande mmoja na kubebesha upande mwingine, hata hivyo, wenyewe hauna msingi. Vitalu vya New Zealand kwa muda mrefu vimesia mbegu, hasa za aina iitwayo Bruno, ili kupata mashina ya chini, kisha juu yake wakabebesha vikonyo vya Hayward. Chini mbegu, juu kikonyo. Wakulima wa parachichi wa Njombe na Rungwe wanafanya hivyo hivyo: kokwa la parachichi la kienyeji hutoa shina, aina ya Hass hubebeshwa juu. Kwa maana hiyo hata yale madume arobaini ya ziada si kuni. Yanaweza kukatwa na kubebeshwa majike, ikiwa vikonyo vipo na fundi yupo.

Mkoani Singida kwenyewe kuna somo la karibu zaidi. Mashamba ya pamoja ya korosho huko Masigati, wilayani Manyoni, yamewafundisha wengi kwamba mbegu hazilingani. Korosho nayo huchavushana na jirani, hivyo mbegu iliyookotwa popote ni bahati nasibu. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, cha Naliendele, Mtwara, kilipunguza bahati nasibu hiyo kwa kuzalisha mbegu kwenye bustani zilizopandwa aina bora tupu, ili kila uchavushaji uwe kati ya wazazi wazuri, pamoja na kubebesha miche. Kwa kiwi, anayechukua mbegu kwenye tunda la dukani anamjua mama. Baba ni dume lolote lililowekwa shambani kwa ajili ya chavua, na hakuna aliyewahi kulichagua kwa utamu wa tunda, maana halina.

Friji na shamba

Turudi kwenye friji, kwa kuwa jibu la Singida limejificha humo. Kwa nini mbegu ya kiwi iwekwe kwenye baridi kabla ya kuota? Kwa sababu imezoea majira ya baridi kali. Kwao huanguka vuli, hukaa ardhini miezi ya baridi, na huamka joto linaporudi. Baridi ndiyo ishara kwamba hatari imepita. Mmea mkubwa una tabia ile ile. Hupukutisha majani, hulala, na matumba yake hayaamki sawasawa mpaka yahesabu baridi ya kutosha. Wataalamu hupima kwa saa ambazo joto limekuwa chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Hayward huhitaji mamia ya saa, mara nyingi 700 au zaidi. Baadhi ya aina za dhahabu na nyekundu huridhika na kidogo zaidi, lakini si sifuri.

Mji wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Usiku wa Juni na Julai watu hujifunika blanketi, na upepo wa alfajiri huuma kweli, lakini kipimajoto kwa kawaida hubaki juu ya nyuzi 10. Saa za baridi kwa hesabu ya kiwi ni karibu hakuna. Urefu wa mchana nao hubadilika kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima, hivyo hata ishara ya siku kufupika, ambayo huuambia mmea ujiandae kulala, ni hafifu.

Mbegu unaweza kuidanganya kwa friji. Shamba huwezi kuliingiza humo. Ndiyo maana jaribio la jikoni linapotosha: linafanikiwa kwa kuondoa, kwa wiki chache na kwa umeme, kizuizi kile kile ambacho kitamsubiri mkulima nje kwa miaka yote iliyobaki. Mti hautakufa kwa kukosa baridi. Utatambaa, utajaa majani mapana ya kupendeza, utatoa vichipukizi hapa na pale bila mpangilio, na maua yatakuwa machache au yasiwepo. Yakitokea, dume na jike huenda wasichanue wiki moja. Wenye mizinga ya Manyoni na Itigi, ambao asali yao inajulikana nchi nzima, wasihesabu kwamba nyuki wataokoa hali: ua la kiwi halina nekta, nyuki hulifuata kwa chavua tu, na New Zealand hulazimika kupeleka mizinga minane hivi kwa hekta ili kazi ifanyike.

Maji ni mzigo wa pili. Mti mzima wa kiwi wenye majani kamili unaweza kutumia hadi lita 100 kwa siku ya joto kali. Kwa miti 400 kwenye hekta moja hizo ni lita 40,000 kwa siku. Singida hupata mvua ya milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, yote katika msimu mmoja kati ya Novemba na Aprili au Mei, halafu kiangazi cha nusu mwaka. Kuchimba kisima si jibu la uhakika, kwani maji ya ardhini ya sehemu kadhaa za mkoa yana chumvi na madini ya floraidi, na kiwi ni miongoni mwa miti ya matunda isiyovumilia chumvi. Maziwa ya Singidani na Kindai yako pale pale mjini, lakini ni maji ya chumvi.

Upepo tusiusemee sana. Mkoa ambao umekuwa ukitajwa miaka nenda rudi kwa mipango ya umeme wa upepo si mahali pa kupanda mmea ambao vichipukizi vyake vipya hukatika kwa dhoruba ndogo, na ambao wakulima wake huko New Zealand huujengea kuta ndefu za miti.

Mbona zabibu zimeweza?

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na linastahili jibu kamili. Mzabibu nao ni wa nchi za baridi. Hulala, hupukutisha majani, huamka majira ya kuchipua. Lakini Dodoma, yenye joto kuliko Singida mjini, huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kituo cha TARI Makutupora kinafanya utafiti wake hapo hapo. Huko Batu, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, wakulima wamefanya ajabu kama hiyo kwa matofaa: baada ya kuvuna hupukuta majani kwa mkono, mti ukadhani majira yamepita, ukachanua tena bila kupata baridi. Kama zabibu na tofaa zinadanganyika, kwa nini kiwi isidanganyike?

Jibu ni kwamba si kila mti unalala usingizi wa uzito mmoja. Mzabibu unahitaji baridi kidogo sana, na kwake ukame pamoja na mkasi vinatosha: ukiuacha ukauke, ukaupogolea, ukarudisha maji, matumba huamka. Zaidi ya hapo, ua la mzabibu wa shambani lina dume na jike ndani yake, hivyo kuamka bila mpangilio hakuharibu uchavushaji. Kiwi inahitaji baridi nyingi na inahitaji jinsia mbili tofauti ziamke pamoja. Katika nchi zenye baridi haba wakulima hupuliza dawa ya kuamsha matumba, haidrojeni sianamidi, lakini dawa hiyo huziba pengo la baridi iliyopungua, haichukui nafasi ya baridi isiyokuwepo. Tena ni sumu kali kwa anayeipuliza, na Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni kwake. Orodha ya wazalishaji wakubwa inasema jambo lile lile: China, New Zealand, Italia, Ugiriki, Iran, Chile. Wote wana majira ya baridi.

Wanaosema kiwi iachwe wana nguvu hapa, ingawa na wao huruka hatua wanaposema Tanzania nzima haifai. Uwanda wa Kitulo, Makete, uko mita 2,600 hivi na hupata jalidi Juni na Julai. Joto hupungua takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, hivyo Kitulo ni baridi kuliko Singida kwa nyuzi sita au saba. Nyanda za juu kusini, ambako tayari kuna matofaa na viazi mviringo, ndiko jaribio la kiwi lina maana, na aina za kuanzia ni zile za mahitaji madogo ya baridi.

Nani afanye nini

Kwa mwenye kutaka kipato kutoka mmea mtambazi Manyoni au Itigi, chaguo la kwanza ni zabibu, kwa pingili na si kwa mbegu. Pingili hushika mizizi mchangani, hurudia tabia ya mama, na mavuno ya kwanza huja ndani ya miaka miwili hivi. Ushauri wa Makutupora uko umbali wa safari ya siku moja. Soko la zabibu lina matatizo yake, wakulima wa Dodoma watakuambia, lakini ni matatizo ya mtu aliyekwisha kuvuna.

Kwa anayependa hasa kupanda kwa mbegu, pasheni ndiyo inayomlipa. Mbegu zake huota bila friji, mmea huzaa ndani ya mwaka mmoja, na hakuna miche dume ya kung'oa. Pasheni ya njano huvumilia joto kuliko ya zambarau, ingawa huhitaji chavua ya mmea mwingine, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao wasifukuzwe. Ya zambarau inaweza kubebeshwa juu ya shina la njano ili kukwepa mnyauko wa udongoni. Maji ya kiangazi yanahitajika, ila si lita 40,000 kwa siku.

Mwalimu wa kilimo anayetaka kuonyesha wanafunzi maana ya ubwete wa mbegu, kusia, kinyausi kitaluni na kubebesha, kiwi ya mbegu inamfaa sana. Nusu ya mbegu ziwekwe kwenye friji, nusu zisiwekwe, tofauti ionekane. Hasara ni tunda moja.

Asiyefaa kuanza ni yule anayefikiria kukopa, kuuza ng'ombe, au kuondoa alizeti ili asimike nguzo na waya kwa ajili ya miche iliyoota jikoni. Akikutana na muuzaji wa miche ya kiwi mjini Singida, maswali ya kumuuliza ni machache: ni dume au jike, imebebeshwa aina gani, usajili wake uko wapi, na kuna mti gani uliowahi kuzaa kwenye joto la hapa ambao mnunuzi anaweza kwenda kuutazama. Swali la mwisho ndilo la kuanza nalo.